Aplikesheni ya vyumba vya kupanga Arusha bila dalali: nitoe milioni sita na nusu au nisitoe?

Kuna kijana kaniandikia kutoka Sakina, kaomba nisitaje jina. Ujumbe wake mrefu ila nautoa hivi kwa kifupi: "Shikamoo dada. Mimi ni mtu wa Moshi, nafanya kazi mapokezi kwenye loji njia ya Usa River. Nina wazo la aplikesheni ya kutafuta vyumba na nyumba za kupanga Arusha na Moshi bila dalali. Mwenye nyumba anaweka picha na bei bure, mpangaji analipa 5,000 kwa mwezi anaona vyumba vyote na namba za simu. Nimeuliza watu 40, kati yao 37 wamesema wazo kali na wangetumia. Hapa kwetu hamna mtu anayefanya hii kitu. Developa anataka milioni 6.5, nusu aipate kabla hajaanza. Mimi nina akiba ya milioni 4, na mjomba ataongeza milioni 3 ila anataka nusu ya kampuni. Je nitoe hela? Na niache kazi?"

Marahaba mdogo wangu. Nikujibu kwanza haraka usikae roho juu: developa usimpe hata shilingi kwa sasa, kazi usiache, na wazo lenyewe usilitupe manake ndani yake kuna kitu, ila hakipo pale ulipokiweka wewe. Sasa nieleze kwa nini, na nitaenda kwa urefu kidogo kwa sababu wanaoniandikia maswali kama yako ni wengi na wengi wao wananiandikia wakiwa wameshalipa advansi, hapo unabaki kumpa mtu pole tu.

Tuanze na hao watu 40. Ukimuuliza mtu "ungetumia?" anachokujibu ni adabu. Mtu wa kwetu hawezi kukuangalia machoni, umemchangamkia, umemwonyesha michoro kwenye simu, alafu akwambie mimi hicho kitu sikihitaji, atakwambia wazo kali kaka, kaza. Hiyo 37 kati ya 40 inaonyesha unaishi vizuri na watu, kuhusu biashara haisemi kitu. Rudi kwa hao hao, au bora uende kwa wengine wasiokujua, na safari hii usiguse kabisa neno aplikesheni. Uliza yaliyopita. Mara ya mwisho ulivyohama ulikipataje hicho chumba? Nani alikwambia? Ulimlipa nani, shilingi ngapi? Ulizunguka muda gani, na ulichoka wapi? Kuna hela ilipotea njiani? Hapo mtu hatoi maoni, anakupa habari, na habari ndo unayoitafuta. Ukikuta wengi wanakwambia nilimpigia tu binamu akasema kwao kuna chumba kimebaki wazi, jua hao hawana shida ya kulipia. Ukimkuta aliyetoa elfu kumi ya kuonyeshwa vyumba, akatoa tena kwa mtu mwingine, na tena kwa wa tatu, na kila alipofika chumba kilikuwa kimeshachukuliwa, huyo andika jina lake na namba yake kwenye daftari, manake ameshatoa hela mfukoni kutafuta dawa na dawa hakuipata.

Nasisitiza hili kwa sababu ndo linaloua. Kampuni ya CB Insights ya Marekani iliwahi kukusanya maelezo ya startapu (kampuni changa) 101 zilizokufa, wakieleza waanzilishi wenyewe kilichowaua, na sababu iliyotajwa na wengi kuliko zote, asilimia 42, ilikuwa kwamba soko halikukihitaji kile walichotengeneza. Na hao ni watu waliokuwa na wahandisi na wawekezaji. Kitu kilitengenezwa, kikafanya kazi vizuri, ila hakikuwa na mwenyewe.

Sasa la pili, "hapa kwetu hamna anayefanya". Hapana, wapo kila kona. Dalali anafanya. Yale magrupu ya Facebook ya vyumba yanafanya, statasi za WhatsApp zinafanya, karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme Kijenge imeandikwa chumba kinapangishwa na namba chini inafanya, mangi wa duka la mtaani anayejua nani anahama mwisho wa mwezi anafanya na hata hachaji. Mshindani wako ni kile ambacho mtu anatumia leo kumaliza shida yake, hata kama hakina logo. Kwa hiyo swali siyo nani mwingine ana aplikesheni, swali ni kwa nini mtu aache hivyo vyote aje kwako. Na ukiangalia vizuri utakuta huyo dalali unayetaka kumwondoa ana kazi anayoifanya ambayo wewe kwenye mpango wako hujaiwekea mtu wa kuifanya.

Fikiria dalali wa Kwa Mrombo au Moshono. Yeye anajua chumba kinaachwa kabla hakijaachwa, kwa sababu kashapiga stori na mpangaji. Mama mwenye nyumba anamjua, anamwachia funguo. Akija mpangaji, dalali anamwangalia, anauliza anafanya kazi wapi, ana watoto wangapi, akiona atasumbua anamwambia mama, huyu hapana. Mwenye nyumba halipi kitu, anayelipa ni mpangaji, mara nyingi kodi ya mwezi mmoja. Na chumba kizuri cha bei nzuri hakikai, leo kiko wazi keshokutwa kuna mtu anaingiza godoro. Sasa kwenye aplikesheni yako ni nani atakiondoa hicho chumba kwenye orodha kikishapata mtu? Mama mwenye nyumba? Yule hana sababu, yeye kashapata mpangaji, simu zikizidi kuingia anazima tu. Mwezi wa kwanza una vyumba 200 kwenye orodha, mwezi wa tatu 150 kati yake vimeshachukuliwa, mpangaji kalipa 5,000 yake kapiga simu sita zote anaambiwa kimeshaenda, anakuita tapeli na anawaambia na wenzake. Hapo umekuwa yule yule dalali wa kuonyesha vyumba hewa, tofauti ni kwamba wewe uko kwenye simu.

Hizi ndo biashara za pande mbili, na ugumu wake mkubwa ni kwamba lazima ulete wapangaji na vyumba kwa wakati mmoja, sehemu moja. Ukitangaza Arusha na Moshi nzima kwa pamoja utakuwa na chumba kimoja Pasua, kimoja Rau, viwili Njiro na kimoja Ngaramtoni, na mtu anayetafuta Njiro anaona viwili anafunga. Afadhali vyumba 30 vya kata moja kuliko 200 vilivyotawanyika mikoa miwili.

Twende kwenye hesabu, na hapa naomba utoe kalamu kweli. Mpangaji analipa 5,000. Akipata chumba anaondoka, hana sababu ya kulipa mwezi wa pili, na atakuhitaji tena labda baada ya mwaka au miwili. Yani bidhaa yako ikifanya kazi vizuri mteja anapotea. Ili urudishe milioni 6.5 ya developa peke yake unahitaji watu 1,300 waliolipa, na hapo hujaweka bando, hujaweka matangazo ya Facebook na Instagram, hujaweka boda ya kwenda kuhakiki nyumba, na kuhakiki lazima, nitafika hapo. Sasa ukisema basi nachaji 30,000 kwa kila aliyepata chumba, ni vyumba 217 kurudisha hiyo hela. Ukitoa tuseme 13,000 ya boda na simu kwa kila chumba unabaki na 17,000, inakuwa vyumba 383. Siyo namba zisizowezekana, ila jiulize utavipata kwa mwezi gani, na ni nani atakuwa anazunguka navyo wakati wewe uko zamu ya usiku loji.

Na hiyo 30,000 utaikusanyaje? Hili watu wengi hawalifikirii mpaka wameshaanza. Airbnb, wale wa kukodishia wageni vyumba mtandaoni, wanaweza kukata chao kwa sababu mgeni analipa kabla hajafika, na anwani kamili anaipata akishalipa. Mtu wa Arusha anayetafuta chumba cha mwaka hawezi kulipa kabla hajaona ukuta, hajafungua bomba, hajauliza umeme ni luku ya peke yake au ya kuchangia. Na akishafika pale wameshaonana na mwenye nyumba, wameshapeana namba, wewe wa nini tena? Watamalizana wenyewe na siwezi kuwalaumu. Kwa hiyo biashara yoyote ya kuunganisha watu wawili mara moja tu kisha wakajuana, pima kwanza wapi hasa unashika hela, kama hakuna sehemu unaposhika basi unafanya kazi ya kanisa, nzuri ila haitakulipa mshahara.

Ukiwaza kushika wewe hela ya kodi alafu uipeleke kwa mwenye nyumba, simama kwanza uulize. Kukaa na kupitisha pesa za watu ni eneo la Benki Kuu, lina Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 na leseni zake, tafuta kampuni yenye leseni ifanye hiyo sehemu au hela iende moja kwa moja kwenye lipa namba ya mwenye nyumba na wewe ukalipwa ada yako kivyake. Na picha za vitambulisho vya NIDA ambazo najua utataka kuzikusanya ili kuhakiki watu, hizo nazo zina mwenyewe: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, kuna Tume kabisa, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili. Sikutishi, nakwambia uweke kwenye bajeti. Mabadiliko ya masharti yanaweza kugeuza hesabu nzima, angalia usafiri wa mtandaoni, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, waliposhusha kikomo cha komisheni hadi asilimia 15 mwaka 2022 Uber walisimamisha huduma Tanzania, wakarudi Januari 2023 kikomo kilipopanda hadi asilimia 25. Kampuni kubwa vile, kaasilimia kadogo kwenye komisheni ndo kalikuwa uhai wake. Kuwa na hela nyingi pia siyo kinga, Jumia, wale wa duka la mtandaoni, waliingia soko la hisa la New York Aprili 2019 na Novemba mwaka huo huo wakafunga Tanzania. Kwa hiyo usidhani kinachokukwamisha ni zile milioni mbili na nusu zinazopungua.

Sasa nije kwenye kitu kilichopo ndani ya wazo lako, manake nimesema kipo.

Shida ya kweli niliyoiona kwenye ujumbe wako, na wewe umeipitia haraka haraka mstari mmoja tu, ni uaminifu. Umeandika kwamba dada yako alilipa kodi ya miezi mitatu kwa mtu asiye mwenye nyumba, na walikuwa watu wanne wamelipia chumba hicho hicho. Hiyo ndo maumivu. Orodha ya vyumba mtu anaipata bure Facebook, asichokipata bure ni mtu wa kumwambia nimefika hapo, nimeongea na mwenye nyumba mwenyewe, nimeuliza kwa balozi, nyumba ni yake. Kwa hiyo unachouza ni kuhakiki, na kuhakiki hakufanywi na aplikesheni, kunafanywa na miguu. Ndo maana nasema developa asubiri.

Alafu jiulize nani anaumia kwa kukosa uaminifu huo, anaumia mara kwa mara, na ana hela ya kulipa. Siyo mpangaji wa chumba cha 60,000 pale Unga Limited, huyo anaumia kweli na moyo wangu uko kwake ila hana cha kukulipa na atakulipa mara moja. Mimi nikiangalia Arusha na Moshi naona wengine watatu.

Wa kwanza ni mwenye nyumba aliye mbali. Wewe ni mtu wa Moshi hili unalijua kuliko mimi. Kuna watu wako Dar, Dodoma, Mwanza, wengine Uingereza na Marekani, wamejenga Njiro, Moshono, Shanty Town, Majengo, nyumba wamempa ndugu aangalie. Ndugu anakusanya kodi, anasema choo kiliharibika, anatuma nusu, mwenye nyumba haulizi sana kwa sababu ni ndugu, Desemba anakuja kwenye sikukuu anakuta rangi imebanduka na mpangaji hajalipa miezi minne, na Krismasi nzima inaisha kwa kununiana. Huyu mtu shida yake haitokei mara moja kwa mwaka, inatokea kila mwezi. Anachohitaji ni mtu baki mwaminifu wa kumtafutia mpangaji, kufuatilia kodi, kumwita fundi bomba na kumtumia picha na risiti. Tuseme nyumba ya 400,000 kwa mwezi unachaji asilimia 10, ni 40,000 kila mwezi. Nyumba 15 ni 600,000 kwa mwezi. Kwa mpango wako wa 5,000 ungehitaji wapangaji wapya 120 kila mwezi, siyo wale wale, wapya, ili ufikie hapo hapo. Unaona tofauti?

Wa pili ni wanaokuja kwa muda. Madaktari na wanafunzi wa mazoezi wanaokuja hospitali ya KCMC Moshi, watu wa kujitolea, wanaoletwa na mashirika, wageni wa mikutano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, watafiti wanaokuja chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru. Hawa wanataka chumba chenye samani mwezi hadi mitatu, na wao ndo wanaokubali kulipa kabla hawajafika, kwa hiyo hapo hela unaweza kuishika. Zaidi ya yote mara nyingi kuna ofisi moja inayowapokea, ukiipata hiyo ofisi unapata watu kila baada ya muda bila kutangaza tena. Na wewe unafanya mapokezi, wageni unawajua lugha yao na wasiwasi wao.

Wa tatu ni wanafunzi wa vyuo, Uhasibu Njiro, Ushirika pale Moshi, Makumira, ufundi. Hawa ni wengi na wote wanatafuta kwa wakati mmoja chuo kikifungua, ila hela ni ndogo na msimu ni mfupi, nisingeanzia hapo. Na kuna watakaokwambia AFCON ya 2027 inakuja na uwanja unajengwa Olmoti, changamkia. Changamkia kama biashara ya wiki chache, ila usijengee kampuni juu yake.

Mimi kwa maoni yangu ningeenda na wa kwanza. Ila hayo ni maoni yangu tu, na yenyewe lazima yapimwe kama ya wale 37, kwa hiyo twende kwenye kupima.

Mwaka 1999 jamaa aitwaye Nick Swinmurn kule Marekani alitaka kujua kama watu watanunua viatu kwenye intaneti bila kuvijaribu. Hakununua stoo ya viatu. Alienda kwenye maduka ya karibu akaomba kupiga picha viatu, akaviweka kwenye tovuti, mtu akiagiza anaenda dukani ananunua kwa bei ya duka anamtumia. Faida ilikuwa hamna, ila alijibiwa swali lake kwa hela za watu na siyo kwa sifa zao. Hiyo ndo Zappos, Amazon walitangaza kuinunua mwaka 2009.

Wewe fanya hivyo hivyo. Jipe wiki sita, kazi ukiwa nayo, na kama unaweza zipange Aprili na Mei masika wageni wakipungua loji maana hapo zamu zinalegea. Chukua laini mpya, weka WhatsApp Business, fungua jedwali la kawaida kwenye komputa, basi, hiyo ndo aplikesheni yako. Tengeneza orodha ya wenye nyumba walio mbali, anzia kwa watu wa kijijini kwenu, kanisani au msikitini, waliosoma na kaka zako, tafuta angalau 20. Waulize yale maswali ya yaliyopita: mara ya mwisho nyumba ilikaa wazi muda gani, kodi unaipataje, nani anafuatilia, ilishapotea kiasi gani. Usiuze bado. Wale watakaoongea kwa uchungu, rudi kwao na bei. Waambie nitakuhakikia, nitakutafutia mpangaji, nitakutumia taarifa kila mwezi yenye picha na risiti, ada yangu ni asilimia 10, na ya kuanzia ni 30,000 ambayo nairudisha nisipofanya kazi ndani ya mwezi. Sema bei alafu nyamaza. Hapo ndo utajua. Anayesema "nitakutafuta" amesema hapana kwa upole, anayesema "namba yako ya M-Pesa ni ipi" ndo mteja.

Na kabla hujaanza, andika kwenye karatasi utakavyoamua, umpe mtu asiyekuonea aibu akutunzie. Kwa mfano: katika hao 20, wakilipa watano au zaidi, naendelea. Wakilipa mmoja au hakuna, naacha wazo hili au nabadilisha kundi la wateja. Wakiwa kati hapo, naongeza wiki nne nibadilishe bei au huduma, zikiisha naamua. Uandike mapema kwa sababu ukishaanza utalipenda, na mtu aliyependa haachi kuona dalili nzuri hata pale ambapo hamna kitu.

Kingine pima muda wako. Kila nyumba imekula saa zako ngapi, boda shilingi ngapi, simu ngapi. Ukikuta nyumba moja inakula siku mbili nzima kwa mwezi basi 40,000 haikulipi, pandisha bei au chukua nyumba zilizo mtaa mmoja. Na kumbuka kwenye huduma hii jina lako ndo mtaji wote, ukichelewesha kodi ya mtu wiki moja bila kumwambia, umejiunga na yule ndugu.

Kuhusu dalali usimfanye adui. Kuna madalali waaminifu wanaojua mtaa kuliko utakavyoujua wewe kwa miaka mitano, lipa mmoja kwa kila mpangaji mzuri aliyemleta, wewe baki na kuhakiki na kufuatilia. Kubadilika hivi siyo aibu, NALA ya Benjamin Fernandes, Mtanzania, ilianza kama aplikesheni ya kurahisisha huduma za pesa kwenye simu hapa nyumbani, baadaye ikageukia kutuma pesa kutoka Ulaya na Marekani kuja Afrika na ndiko ilikokua.

Umeniuliza pia kama watu watakuibia wazo ukiliongelea. Wazo tupu sheria hailindi, na wazo la vyumba bila dalali nimelisikia kwa watu wengi sana, kinachokosekana ni mtu wa kuzunguka. Sajili jina la biashara BRELA, wale wakala wa usajili wa biashara, ukishapata wateja wa kwanza, chukua TIN (namba ya mlipakodi), songa mbele.

Ukifika siku unahitaji mtandao kweli, yani wateja wamezidi jedwali na wewe unasahau mambo, anza na tovuti nyepesi inayofunguka kwenye simu ya bei ndogo, siyo aplikesheni ya kupakua. Mtu anayetafuta nyumba mara moja kwa mwaka hawezi kumaliza bando na nafasi ya simu kwa ajili yako. Na developa mlipe kwa hatua, kila hatua ukiiona inafanya kazi, mkataba useme msimbo wa programu (yale maandishi yanayoiendesha), domeini (anwani ya tovuti) na akaunti ya Google Play ni zako na ziko kwa jina lako. Hiyo akaunti ni dola 25 mara moja tu na ya Apple ni dola 99 kila mwaka, kwa hiyo akikwambia ameifungua kwa jina lake ili kukupunguzia gharama, kataa. Nusu ya hela kabla hajaandika mstari hata mmoja ni nyingi mno.

Imebaki ya mjomba. Milioni 3 kwa nusu ya kampuni isiyo na mteja hata mmoja ni mkataba mbaya kwenu wote wawili. Wewe utafanya kazi yote ukiwa na nusu, ukimhitaji mwenzako wa kweli baadaye huna cha kumpa, na yeye hela yake ikipotea itapotea na ujomba. Mwambie kwa heshima asubiri hizo wiki sita, utamletea daftari aone nani amelipa. Majibu yakiwa mazuri, omba akukopeshe kwa maandishi yenye tarehe za kurudisha, au umpe sehemu ndogo inayolingana na anachokiweka, mbele ya shahidi. Akisisitiza nusu au hakuna, basi mshukuru, hizo milioni 4 zako zinatosha kabisa kupima, na hutatumia hata robo yake.

Wiki ya tatu niandikie tena, unitumie namba tatu tu: umeongea na wenye nyumba wangapi, wangapi umewatajia bei, na wangapi wametuma hela. Hizo zikifika ndo tutaongea kuhusu bei na mkataba wa usimamizi, manake huo nao una mambo yake, hasa mpangaji asipolipa.